Bajeti Yangu Ilikuwa na Uongo

Nilipopandishwa cheo kuwa meneja, somo la kwanza la bajeti nilipewa na mwenzangu tukinywa chai: "Ukihitaji laki tano, andika laki sita na robo. Watakata tu." Nikaandika 625,000. Kweli, ofisi ikakata asilimia 20 kila idara, nikabaki na 500,000 zangu kamili. Nikajiambia hiyo ni hekima. Si Yesu mwenyewe alisema tuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara?

Lakini dada wa jikoni alikuwa ameandika ukweli, 200,000. Naye akakatwa asilimia ileile. Akabaki na 160,000, ikabidi aachishe kibarua mmoja, mama wa watoto. Mimi sikuiba shilingi ya mtu, ama niliiba? Gharama niliihesabu vizuri, halafu nikaandika nyingine.

Mwaka huu nimeandika 500,000, nikaambatanisha risiti zote. Bado wamekata. Dizeli haitafika Desemba, na hilo nimemwambia bosi wazi. Kumweleza juu ya zile 125,000 za mwaka jana ndiko kulinitetemesha magoti, lakini nimemweleza.