Majaliwa ya Mungu na Dhamana ya Mjenzi

Waumini wanapowazika waliokufa motoni husema kwamba ndivyo Mungu alivyopanga, na kauli hiyo, ambayo ni faraja ya kweli kwa mfiwa, huzua swali zito pindi inapotamkwa na mtu aliyekuwa na uwezo wa kuizuia ajali. Swali hilo linaihusu Kyerwa, ambako usiku wa kuamkia Septemba 14, 2020 moto uliteketeza bweni la Shule ya Msingi ya Kiislamu ya Byamungu na kuwaua watoto wasiopungua 10. Linaihusu London vilevile, ambako Juni 14, 2017 moto wa Grenfell Tower, jengo la makazi la ghorofa 24, uliwaua watu 72.

Moto wa London ulianzia kwenye friji, jikoni, ghorofa ya nne. Kilichoupandisha hadi juu ni paneli za alumini zilizobandikwa nje ya kuta wakati wa ukarabati, ambazo kiini chake kilikuwa polithini, yaani plastiki inayoyeyuka na kuwaka. Na tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Martin Moore-Bick ilihitimisha mwaka 2024 kwamba vifo vyote vingeweza kuepukwa.

Mtu wa Karagwe, wilaya jirani ya Kyerwa, anaweza kujibu kwamba msonge, nyumba ya duara ya Wanyambo iliyofunikwa nyasi toka kileleni hadi karibu na ardhi, ulikuwa hatari zaidi, kwa kuwa moto uliwashwa humo humo ndani. Jibu hilo lina ukweli, ila linaliruka jambo lililo zito kuliko yote: aliyeezeka msonge alilala chini ya nyasi alizozijua, ilhali mpangaji wa ghorofani, sawa na mtoto wa bweni, hulala ndani ya uamuzi wa mtu mwingine.

Uamuzi huo dini zenyewe huuwekea dhamana. Kumbukumbu la Torati katika Biblia, sura ya 22, humwagiza ajengaye nyumba aweke ukingo darini asije akabeba damu ya atakayeanguka, maana yake hatia huanza siku ya kujenga. Mtume Muhammad naye, alipoarifiwa kwamba nyumba ya Madina imeungua usiku pamoja na wenyewe, hakuishia kwenye kadari, bali aliagiza moto uzimwe kabla ya kulala.

Kwa hiyo mwenye bweni Kayanga ya Karagwe au Nkwenda ya Kyerwa, au mwenye ghorofa Dar es Salaam, hana haki ya kutamka majaliwa kabla hajaeleza alijenga kwa vifaa gani, na waliolala humo wangetokea mlango upi.