Miraa Ilikuwa na Ushahidi, Haikuwa na Msemaji

Mkulima wa miraa wa Igembe, Meru, alishindwa London wataalamu wakiwa upande wake. Januari 2013, baraza linaloishauri serikali ya Uingereza kuhusu dawa za kulevya lilipendekeza miraa isipigwe marufuku, kwa kuwa ushahidi wa madhara yake haukutosha. Novemba mwaka huohuo, kamati ya mambo ya ndani ya Bunge la Uingereza, chini ya Keith Vaz, nayo ikapinga marufuku. Lakini waziri Theresa May alikuwa amekwisha kuitangaza tangu Julai, na ilipofika tarehe 24 Juni 2014 ikaanza kutumika. Soko lililokuwa likipokea zaidi ya tani 2,500 kwa mwaka, nyingi zikitoka Kenya, likafungwa.

May alieleza kwamba Uholanzi ilikuwa imefunga mlango mapema 2013, na kwamba Uingereza ingegeuka kituo cha kupenyezea miraa kwingineko Ulaya. Alitaja pia malalamiko ya jamii, na hapo ndipo Meru ilipopigwa. Kwa miaka mingi Wasomali wa Uingereza walikuwa wakipeleka kilio chao mikutanoni na mbele ya kamera. Mmoja wao, Abukar Awale, aliwahi kuwa mtafunaji kabla ya kugeuka mpinzani, kwa hiyo alisema kama mtu aliyeyapitia. Walizungumzia waume wasiorudi nyumbani na pesa za chakula zinazoishia kwenye mafundo. Mtu huweza kuukataa utafiti, lakini mama anayelilia nyumba yake ni vigumu kumkataa.

Nyambene, huko huko Meru, ilikuwa na habari yake pia. Ipo ncoolo, fundo la miraa linalopelekwa kwa wakwe, na ipo karo iliyosomesha vizazi vya Maua na Laare. Habari hiyo ilibaki kwetu wenyewe, katika baraza na kwenye redio za lugha ya nyumbani. Mwingereza aliyefungua gazeti lake aliona majani ya mgomba na vijiti ndani yake, mkulima hakumwona. Wanasiasa wetu walipofika London kuomba, uamuzi ulikuwa umekwisha kutangazwa, nao wakakutana na wakubwa badala ya wale akina mama.

Tena Kenya ilisema kwa vinywa viwili. Wafanyabiashara wa miraa, kupitia chama chao cha NYAMITA, waliiita zao la biashara, huku tafiti za NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, zikiihesabu pamoja na pombe, tumbaku na bangi. Sheria ya Kenya yenyewe haikuitambua miraa kuwa zao hadi 2016, miaka miwili baada ya London kufunga. Mjumbe wa namna hiyo atamshawishi nani? Na miraa haingoji mjadala, maana nguvu yake hupungua sana ndani ya siku mbili baada ya kuchumwa.

Ungedhani Embu ingelisoma somo hili. Mei 2024 gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku muguka, aina ya miraa inayolimwa Embu, na Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Kabla ya hapo wazazi wa Pwani walikuwa wamelalamika muda mrefu kuhusu vijana wao, na safari hii hawakuhitaji mwandishi wa habari, simu ilitosha. Video moja ya kijana aliyezubaa kibarazani huzunguka makundi ya WhatsApp na TikTok kabla msemaji yeyote hajaandika taarifa yake. Embu ilijibu kwa njia iliyoizoea. Gavana Cecily Mbarire na viongozi wenzake walikwenda Ikulu, Rais Ruto akasema marufuku hizo hazina nguvu, na Mahakama Kuu ya Embu ikazisimamisha zile za Mombasa na Kilifi. Siku chache tu zilitosha kushinda.

Nauita ushindi huo wa karatasi. Amri ya mahakama ilifungua barabara kwa magari ya muguka, lakini haikumjibu mzazi wa Kisauni, Mombasa, anayeuliza ni nani anamuuzia mwanawe wa shule. Swali lake ni la haki, na mkulima wa muguka wa Mbeere, huko Embu, ambaye naye ni mzazi, analielewa. Ninachomlaumu ni kuwaachia mawakili na wanasiasa wamjibie, wakati naye ana simu ileile, Kiswahili kilekile na shamba la kuonyesha.

Wakulima wa Kiritiri na Siakago huko Mbeere, msingoje marufuku nyingine. Shukeni Pwani sasa, kukiwa kumetulia, mkae na wazazi hao na kuwasikiliza kabla ya kujitetea. Tangazeni wenyewe kwamba muuzaji anayemuuzia mtoto hapati mzigo wenu, kisha mtekeleze hadharani, watu wakiona. Uingereza imefunga tangu 2014 na hadi leo haijafungua.