Kuosha Nyavu Wakati wa Kusi

Someni: Luka 5:1-11



Tangu Juni mpaka Agosti, wakati wa kipupwe, kusi huvuma kwa nguvu hapa Unguja. Upande wa mashariki, tangu Makunduchi mpaka Matemwe, mawimbi huumuka juu ya mwamba, na ngalawa hushindwa kutoka kwenda bahari kuu. Wavuvi wengine huhama wakapiga dago pwani iliyotulia. Wengine hubaki ndani ya mwamba na mshipi, wakarudi na samaki wawili watatu. Bei hupanda sokoni Darajani, nasi tunaonunua hunung'unika, tukisahau kwamba aliyevua naye ana watoto, na ana deni dukani.

Hapo ndipo kishawishi huja. Juya likikokotwa juu ya majani ya bahari hujaza tenga leo, lakini huzoa na samaki wachanga, tena huvunja matumbawe wanamojificha. Avuaye hivyo anakula samaki wa mwakani.

Tumtazame Simoni Petro. Alitaabika usiku kucha asipate kitu. Bwana wetu alimkuta akifanya nini? Hakuwa amelala, wala hakuwa ameuza chombo. Yeye na wenzake walikuwa wakiosha nyavu. Nyavu tupu huoshwa kwa ajili ya kesho. Kwa hiyo agizo la kuzishusha kilindini lilipokuja, zilikuwa tayari. Kama angaliziacha zioze, angalikuwa hana cha kushusha.

Sisi nasi hupitiwa na kusi: sala isiyo na ladha, nyumba isiyo na maneno mema, kazi isiyopatikana. Njia ya mkato hututamanisha, nayo ni rushwa, au uongo, au hirizi. Mvuvi aliyezuiwa na upepo hushona nyavu, husuka madema, hutia chombo kalafati. Basi nasi tuje kanisani hata moyo ukiwa mzito, tusome zaburi zetu, tusameheane. Huko ndiko kuosha nyavu.

Tena, nyavu zilipojaa, Petro aliwaita wenzake wa chombo cha pili, na vyote viwili vikajaa. Mwenye mshahara mwezi huu na amtazame jirani yake, Mkristo au Mwislamu, ambaye chombo chake kimepandishwa pwani. Watoto wenye njaa hawawezi kungoja kaskazi.

Mungu atupe subira, na mikono isiyokaa bure. Amina.