Haya Mbili za Mwenye Kujifunza

Yasemwa barazani kwetu: samaki mkunje angali mbichi. Nasi hatuikanushi hekima iliyomo katika methali hii, kwani malezi ya mtoto yataka kuwahiwa. Lakini wako walioigeuza kuwa kinga ya uvivu. Kila aitwaye kujifunza baada ya ujana wake hujibu kwamba yeye amekwisha kukauka, hakunjiki tena. Basi twauliza: ni kweli kwamba mtu mzima hawezi kujifunza, au hapendi kuonekana akijifunza?

Tutazame mfano wa lugha ya Kichina. Mwaka 2005 ilifunguliwa Taasisi ya Confucius katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na tangu hapo lugha hiyo yafundishwa katika nchi yetu. Miongoni mwa wanaoisoma wamo watu wa makamo, wenye wake na watoto, wakaao safu moja na vijana waliotoka skuli juzi. Nasi tuliokaa safu hizo baada ya kutimiza miaka arobaini twashuhudia kwamba ni machache masomo yamvuayo mtu kilemba upesi kama hilo.

Kwanza ni sauti. Silabi moja, "ma", ikitamkwa kwa sauti ya juu iliyonyooka ni mama. Ikipandishwa ni katani. Ikishushwa kisha ikainuliwa ni farasi. Ikiangushwa kwa nguvu ni kukaripia. Mwenye kutaka kumtaja mamake, sauti ikamteleza, amemtaja farasi, na darasa zima hucheka. Kisha ni maandishi. Mtoto wa chuoni huanza kwa herufi 28 za Kiarabu, na akishazijua pamoja na irabu zake aweza kulitamka neno asilopata kuliona. Katika Kichina, orodha iliyotolewa na serikali ya China mwaka 2013 imetaja alama 3,500 kuwa ndizo za matumizi ya kawaida, na mwanafunzi hana budi kuzizoeza mkono wake, mstari baada ya mstari.

Basi mtu aliyezoea kuulizwa masala akajibu, hujikuta hana neno. Nahau aliyoisoma kwa miaka haimfai hapo, kwani kitenzi cha Kichina hakibadiliki kwa wakati wala kwa mtendaji. Amsahihishaye ni msichana mwenye umri wa bintiye. Ile heshima aliyoidhani imo katika nafsi yake, kumbe nyingi yake ilikuwa katika ulimi wake. Ulimi ulipofungwa, nayo ikatoweka.

Hapa ndipo zipambanukapo haya mbili. Iko haya ya kutojua, nayo humpeleka mtu kwa mwalimu. Na iko haya ya kuonekana kwamba hujui, nayo humrudisha mtu mlangoni kwa mwalimu huyo huyo. Ya kwanza ni katika tabia njema. Ya pili ni kiburi kilichovaa kanzu ya haya.

Waislamu wa China wenyewe wametuachia kielelezo. Wang Daiyu, mwanachuoni wa Nanjing wa karne ya 17, alilelewa katika elimu ya dini, na udogoni mwake hakuvishughulikia vitabu vya Kichina. Alipokuwa mtu mzima aliuonea haya ujinga wake huo, akaketi kuvisoma. Haya yake ilikuwa ile ya kwanza. Na mwaka 1642 akatoa kitabu chake kiitwacho Zhengjiao zhenquan, ambacho ni katika vitabu vya mwanzo vya kuueleza Uislamu kwa lugha ya Kichina. Lau angaliogopa kuonekana mwanafunzi, watu wake wangalikosa kitabu hicho.

Wala katika kuhimiza jambo hili hatuna haja ya yale maneno mashuhuri ya kutafuta elimu hata China, ambayo maulamaa wa hadithi wameyatia ila, na Ibn al-Jawzi akayahesabu katika yaliyozuliwa. Yatutosha habari ya Nabii Musa (A.S.), aliyesemezwa na Mola wake, kisha akafunga safari kumfuata mja mwingine amfundishe. Aliambiwa mapema kwamba hataweza kusubiri, naye akakubali kuwa mfuasi. Ikiwa Nabii hakuona aibu, sisi ni nani?

Wala hatuyaandiki haya kwa ajili ya Kichina tu. Katika miji yetu wako wazee, wanaume kwa wanawake, wasioisoma Al-Fatiha kama ipasavyo, nao wajijua. Wamesali umri wao wote, na mwalimu yu jirani yao. Liwazuialo si ukavu wa ulimi, ni jicho la watu. Ilhali Mtume wetu (S.A.W.) amembashiria asomaye Kurani kwa taabu, ulimi ukimkwama, kwamba ana ujira mara mbili. Ni hasara iliyoje mtu kuuacha ujira huo kwa kuogopa kicheko, akaingia kaburini na sura ya sala yake haijamnyookea!

Na walimu nao wana fungu lao. Mwalimu aliyekwisha kuisahau taabu ya alifu yake ya kwanza huwa mwepesi wa kiboko, akamwita mtoto mzito kwa jambo ambalo yeye hakumbuki alilipataje. Laiti kila mwenye kufundisha angekaa walau mwaka mmoja mbele ya maandishi asiyoyajua! Angerudi chuoni kwake na moyo wa huruma na mkono mwepesi.

Samaki hukunjwa na mkono wa mwingine. Mwanadamu ameumbwa aweze kuinama mwenyewe, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi na yafunguliwe madarasa ya watu wazima, misikitini baada ya Isha, na majumbani kwa mama zetu na dada zetu. Na apitaye akasikia mzee akirudia herufi moja mara kumi, asicheke. Amwombee dua, kisha aingie aketi karibu naye.

Wabillahi taufiki.