Bei ya Ekari Moja

Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Kwa miaka mingi nimejisifu kwa msemo huo. Siku moja hapa Kimbiji ukanisuta.

Kazi yangu ni kuchukua tenda za kufyeka mashamba na kusafisha viwanja. Tangu Daraja la Nyerere lilipofunguliwa mwaka 2016, si lazima tena kusubiri pantoni, na watu wa mjini hununua ardhi upande wetu, wakaondoka, wakarudi baada ya miaka miwili na kukuta pori. Hapo huniita mimi. Mimi nami huwaita vijana.

Ekari kwetu hupimwa kwa miguu, hatua 70 kwa hatua 70. Lakini ekari hazifanani. Moja ni nyasi tupu za kupita na fyekeo. Nyingine ina vichaka na visiki vinavyotaka shoka na sururu. Mwenye busara huingia ndani kwanza, akakadiria siku na watu, akaongeza chakula, nauli na tupa ya kunolea, ndipo akaweka faida yake juu. Faida hiyo naiona ni halali, kwa kuwa yeye ndiye abebaye hatari ya kukosea.

Siku ile sikuingia. Nilichelea mwingine asinipokonye kazi, nikasimama barabarani nikataja shilingi 250,000. Nikapatana na vijana watano, 30,000 kila mmoja, kazi ya siku tatu. Kumbe ndani mlikuwa na visiki vya mikorosho. Wakatoka siku ya sita, viganja vimechubuka, wakaomba nyongeza.

Nikawaambia, "Si mlikubali wenyewe?"

Mkubwa wao akanijibu kwa upole, "Mzee, tulikubali nyasi. Bei uliitaja wewe, na visiki hatukuvipanda sisi."

Niliwalipa 30,000 zao, wakaenda. Usiku sikulala. Nilikumbuka mashamba yote yaliyotokea kuwa mepesi. Sikuwahi kumwita kijana nikamwambia, kazi imekuwa rahisi, chukua nyongeza. Faida ilikuwa yangu kwa sababu hatari ni yangu. Sasa hatari ilipofika, niliitwika vichwani mwao. Basi ile faida ya zamani niliila kwa haki gani?

Katiba yetu, ibara ya 23, inasema juu ya haki ya mtu kupata ujira unaolingana na kazi yake. Inataja kazi, haitaji makisio ya mtu aliyesimama barabarani.

Nilikopa, nikawalipa siku tatu zilizobaki. Wanne niliwapata. Wa tano alikwisha kuhama, na fedha yake ningali nadaiwa.

Siku hizi huingia porini kabla ya kutaja bei. Nikikosea, hasara ni yangu. Maana ndugu msomaji, mchumia juani hulia kivulini. Lakini yule aliaye kivulini kilichochumwa na wengine, tumwiteje?