Chokaa juu ya ufa

Somo: Ezekieli 13:10-16

 

Mvua zimeleta mashitaka mengi kwa wazee wa kanisa, na karibu yote ni ya namna moja. Familia imejinyima, imekusanya faranga kidogo kidogo, imesakafia ua mbele ya nyumba kwa simenti ili mama apikie mahali pasipo matope na watoto wapate pa kuketi jioni. Hata miezi mitatu haijapita, sakafu imepasuka kutoka pembe hadi pembe. Ukiigonga kwa fimbo inalia kama ngoma. Maji ya mvua, badala ya kwenda mferejini, yanaingia chini ya mlango. Mwenye nyumba ni mwamini. Fundi naye ni mwamini, na wote wawili wanashiriki meza moja ya Bwana. Sasa mmoja amehamia benchi la nyuma na mwingine haonekani kabisa.

Mtu aweza kuuliza, mchungaji ana habari gani na simenti? Basi tumwulize Ezekieli. Yeye alikuwa mtu aliyehamishwa kwa nguvu kutoka nchi yake, akaketi pamoja na wafungwa kando ya mto Kebari katika Babeli. Bwana alipotaka kuwakemea manabii waliowaambia watu kwamba kuna amani na amani haipo, alichagua mfano wa ujenzi. Mmoja anajenga ukuta mbovu, wengine wanakuja kuupaka chokaa ili upendeze. Kisha mvua inanyesha, mawe ya barafu na upepo vinakuja, ukuta unaanguka, na msingi wake unaonekana na kila mtu. Tazameni vizuri: hasira ya Bwana katika sura hii inawaelekea hasa wale waliopaka.

Hapo ndipo neno linatugusa. Watu walipoleta shitaka lao, wapo waliowaambia, "Ni ndugu yetu, msamehe tu, Mungu ataona." Maneno mazuri, lakini ni chokaa. Msamaha ni amri ya Bwana, wala siupunguzi, ila msamaha haugeuzi maji yasiingie mlangoni. Mama yule atakuwa amesamehe kwa mdomo, na kila mvua ikinyesha anachota maji nyumbani kwake usiku akikumbuka jina la fundi. Tumemfunga mzigo, tukauita upendo.

Kila fundi anajua jambo hili kwa mikono yake. Sakafu iliyopasuka kwa sababu udongo wa chini haukushindiliwa haiponi kwa kupakwa uji wa simenti juu. Itang'aa wiki mbili, kisha tabaka lile jembamba litabanduka kama ganda. Inabidi kuvunja sehemu ile mbovu, kushindilia udongo, kumwaga zege upya. Na si lazima kuvunja ua mzima! Yeremia alipoteremka nyumbani kwa mfinyanzi (Yeremia 18), aliona chombo kikiharibika mkononi, na yule mtu akautumia udongo ule ule kufanya chombo kingine. Hakuutupa udongo, wala hakukipeleka chombo kibovu sokoni.

Sasa ninyi wenye nyumba, msifurahi upesi. Someni Kutoka 5. Farao aliwanyima Waisraeli majani ya kuchanganya na udongo, lakini hesabu ya matofali akaidai ile ile, na wasimamizi wao wakapigwa. Mafundi wetu wamenieleza kwamba kwa sakafu nzuri wanachanganya ndoo moja ya simenti, mbili za mchanga na nne za kokoto. Fundi akiomba mifuko sita, ukanunua mitatu, ukamwambia "tengeneza hivyo hivyo," wewe umeketi katika kiti cha Farao. Tena simenti haikauki kama nguo. Inashika kwa maji, na jua hili la Bujumbura linayanyang'anya haraka. Sakafu mpya inatakiwa kufunikwa magunia na kumwagiwa maji asubuhi na jioni kwa muda wa siku saba. Najua kwamba wengi wetu tunanunua maji kwa bidoni. Lakini kama fundi alikuagiza umwagie na hukumwagia, nyufa zile si zake peke yake.

Na wewe fundi. Mfuko wa simenti uliotoka uani usiku ukauzwa pengine, usiuite riziki. Ni wizi, na ulimwibia mkimbizi mwenzako. Mchanga wenye udongo ndani yake unaujua kwa kuusugua mkononi, usijifanye hukuona. Kuhusu mteremko, wenzako wamenifundisha kwamba katika kila meta moja sakafu ishuke sentimeta moja hadi mbili, ikiupa mlango mgongo. Kazi hiyo inataka mpira wa maji na uvumilivu wa asubuhi moja.

Wengine husema, "Hapa si kwetu, tunapita tu, ya nini kujenga vizuri?" Waliopelekwa Babeli nao walisema hivyo, na Yeremia akawaandikia barua (Yeremia 29) wajenge nyumba na kukaa ndani yake. Waliovuka Rusizi miaka mingi iliyopita wamezaa na kuzika hapa. Na katika mji huu hakuna anayeweza kusema kwamba njia ya maji ni jambo dogo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014 mafuriko yalibomoa nyumba nyingi, Kamenge na Kinama zikiwemo, na watu zaidi ya 60 walikufa.

Basi tufanye nini? Bwana ameagiza katika Mathayo 18: nenda kwake, wewe na yeye peke yenu. Hilo linakuja kabla ya wazee, kabla ya wanakwaya, na kabla ya simu kwa shemeji. Mjane anayeogopa kwenda peke yake amchukue mama mmoja mwenye hekima, si kikosi. Mkifika, msianze na matusi. Mwageni ndoo moja ya maji karibu na mlango, mtazame wote wawili yanakokwenda. Maji hayana upendeleo.

Ikionekana kwamba kosa ni la fundi, nguvu za kurudia ni zake bila malipo, na simenti ya pili pia ni yake, hata akiilipa kidogo kidogo. Ikionekana mwenye nyumba alibana vifaa, anunue yeye. Ikiwa ni la wote wawili, wagawane. Lakini wale vijana waliobeba mchanga na kukoroga zege walipwe leo. Kumbukumbu la Torati 24 inakataza jua kutua juu ya ujira wa maskini, awe ndugu au mgeni, na wao hawakuchagua idadi ya mifuko wala mteremko. Kuna nyumba mbili ambazo bado zinawazuilia vijana hao haki yao. Sizitaji hapa. Zinajijua.

Ikiwa mmeshindwana baada ya kwenda, basi wazee watakuja. Jumamosi hii wawili wao watapita pamoja na fundi mmoja ambaye hakufanya kazi katika ua wowote unaogombewa. Anayewahitaji awaambie mashemasi baada ya ibada, na fundi aliyeshitakiwa awepo uani siku hiyo, aseme kwa kinywa chake. Ndoo ya maji iwe tayari karibu na mlango.