Mtoto wa Damu na Mtoto wa Nyumba



Neno DNA si geni hapa Kakuma. Mwaka 2008 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kuunganisha familia za wakimbizi, baada ya vipimo vilivyoanzia Nairobi kuonyesha kwamba katika familia nyingi undugu uliotajwa haukuweza kuthibitishwa. Mpango ulirudi mwaka 2012, na kipimo juu yake. Wadanganyifu walikuwepo, tusifichane. Lakini kipimo hakiwezi kumtenganisha mdanganyifu na shangazi aliyemlea yatima wa kaka yake tangu njiani.

Sasa neno hilo limeingia matangani. Mzee anafariki, anaacha kibanda cha biashara hapa na shamba huko Fizi. Kabla watu hawajatawanyika, ndugu mmoja anasema: "Huyu kijana si wetu, apimwe."

Baba akiwa amezikwa, mtoto wa kiume anaweza kulinganishwa na ndugu wa baba, kwa kuwa kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Basi baba mdogo anayedai kipimo lazima naye atoe ute wa shavuni. Majibu yakikataa, hayasemi ni yupi kati yao asiye wa babu! Wengi hawalifikirii hilo.

Siipingi sayansi. Mtoto aliyekanwa na baba yake, kipimo humrudishia haki. Ila wako watoto kati yetu ambao mama zao walishikwa kwa nguvu vitani. Baba alijua. Akampa mtoto jina lake, akamwandikisha kwenye kadi ya chakula, akanyamaza miaka yote. Ukimpima kijana huyo leo, hujagundua lolote ambalo marehemu hakulijua. Umemlazimisha mjane kueleza mbele ya wakwe jambo ambalo mumewe alilifunika. Kwangu mimi huko si kutafuta ukweli, ni kutengua uamuzi wa mtu asiyeweza tena kujibu.

Mtaniambia shamba ni la ukoo, na ukoo una haki ya kujua ardhi yake inakwenda kwa nani. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini ukoo ulikula naye, ukamwita mwanetu, ukamtuma maji. Mbona swali limekuja siku ya kugawa?

Mordekai, naye akiwa uhamishoni, alimfanya Esta binti yake wazazi wake walipokufa. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, nayo inamhesabu kuwa mtoto wa mwanamume yule aliyemkubali kama wake, au aliyejitwika kwa hiari kumtunza daima. Kwetu Kongo mambo ni makali zaidi. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 inawataja kwanza watoto wa ndoa, wa nje ya ndoa waliotambuliwa baba akiwa hai, na walioasiliwa kisheria. Aliyelelewa tu, bila karatasi, hatajwi hapo.

Kwa hiyo baba ambaye bado unapumua, usiwaachie wengine kazi hii. Hapa Kenya wosia wa maandishi unahitaji mashahidi wawili watakaotia sahihi, na ni vizuri wasiwe warithi. Wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili unasimama tu kama aliyeusema atafariki ndani ya miezi mitatu. Ukiishi zaidi ya hapo, itabidi uwaite tena.